Kibendera na Chai ya Asubuhi

Kibendera hubebwa kwa mkono ulio upande wa uwanja, kikiwa kimekunjuliwa, ili refa akigeuza shingo akione bila kukitafuta. Naanza na hilo kwa sababu ndilo mnalolikosea siku ya kwanza, vijana wangu, na pia kwa sababu ninayo mengine ambayo sijui niyaingie kwa mlango gani. Mwezi uliopita nilikabidhi hata kazi ya mwisho niliyobakishiwa, ile ya kukaa jukwaani na kuwapa alama, na katibu wa chama chetu cha waamuzi akaniomba niwaandikie machache kuhusu maisha ya mshika kibendera wa kimataifa. Alitaka hasa nchi nilizofika na wachezaji wakubwa niliowaona kwa karibu. Kusema kweli, katika nchi zote hizo nilichokiona zaidi ni mstari wa chokaa, na wachezaji wakubwa niliwaona viatu.

Nilizaliwa Kakuyuni, na kazi hii ilinikuta huko huko, kwenye kiwanja cha shule ambacho ng'ombe walikuwa na njia yao katikati na hakuna aliyethubutu kuwaambia wapite kwingine. Aliyenitia kazini ni Mwalimu Mutiso. Alikuwa Mkamba aliyehamishiwa shule yetu kutoka bara, mtu mfupi, mkavu wa maneno, aliyechezesha mechi za vijiji kwa kipenga cha polisi ambacho hakuwahi kutueleza alikipata wapi. Siku moja mshika kibendera wake hakutokea. Mwalimu akaniangalia nilivyokaa kwenye nyasi na wenzangu.

"Wewe una miguu na huna mdomo," akasema. "Simama hapa."

Kibendera chenyewe kilikuwa kipande cha leso kuukuu kilichofungwa kwenye fito, na mistari ilikuwa ya majivu. Vijana wa kwetu walikuwa wanacheza na timu iliyotoka Ganda. Karibu na mwisho, vijana wa kwetu wakafunga, watu wakaingia uwanjani kwa vigelegele, na mimi nikawa nimesimama pale nimeinua kile kitambaa, kwa sababu mfungaji alikuwa ameotea na nilimwona. Sikuwa nimefikiri lolote. Mwalimu Mutiso akapuliza kipenga, akalikataa bao. Shangazi yangu, dada yake baba, akajitokeza katika umati akaja mpaka kwenye mstari wangu.

"Kahindi! Ndiyo nini hiyo? Basi leo wende ukale kwa hao wa Ganda!"

Jioni mama alinipakulia, na nyama niliyopata ilikuwa mfupa.

Kesho yake nilidhani Mwalimu atanisifu. Aliniambia nimebahatisha. Nilikuwa nimetazama mpira, akasema, na aliyetazama mpira huwa amechelewa kumwona mshambuliaji. Basi kila siku baada ya masomo alinisimamisha macho yakiwa kwa mtoto aliyejifanya beki wa mwisho, naye akaenda nyuma yangu na mpira. Kazi yangu ilikuwa kuusikia unapopigwa, na sekunde ile ile kusema mshambuliaji yuko wapi. Baada ya muda niliweza kujua kwa sikio tu kama mpira umepigwa kwa upande wa ndani wa mguu au kwa ncha ya vidole. Hilo ndilo nawaombeni mlifanyie mazoezi kuliko yote: jicho likae kwa beki, mpira mwachieni sikio. Siku hizi mna vyombo vya kila aina, lakini sijaona kimoja kinachosikia.

Mwalimu Mutiso alihamishwa tena, na nikapata habari kuwa amefariki huko kwao kabla sijavaa beji ya mwamuzi wa kimataifa. Sikuwahi kumwambia asante ya maana. Hilo nalo linaniuma, ingawa si ndilo linaloniuma zaidi.

Kozi yangu ya kwanza kubwa ilifanyika Malindi mjini, na humo ndimo nilimokutana na Twalib. Alikuwa wa Shella, mtaa wa mji huo huo, mtoto wa mwadhini, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Mimi nilijitambulisha kwa Kiswahili changu cha Kakuyuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa, "Kahindi, ndugu yangu, maneno yako yote ni sawa, lakini yamekuja na jembe begani." Nikamjibu kwamba ya kwake yamekuja na marashi. Alicheka mpaka mkufunzi akatugombeza sote wawili, na tangu hapo tukawa hatuachani.

Twalib alikuwa na kipaji cha kipenga na mimi cha mstari. Akiwa katikati ya uwanja hakupayuka wala hakukimbiza mtu kwa kadi. Mchezaji akimjia juu, yeye alishusha sauti, na mwenzake akalazimika kunyamaza ili asikie anachoambiwa. Hatukuwa na vile vidude vya masikioni mnavyovaa leo, kwa hivyo tulipatana chumbani kabla ya mechi. Mtu akiangushwa ndani ya eneo la penalti nami nimeona ni penalti kweli, naenda kusimama karibu na kona. Kama si penalti, nabaki nilipo, kibendera kimeshuka mguuni. Na nisipoinua mkono mshambuliaji anapotoroka, basi hakuotea, na Twalib hakugeuka kuhakikisha. Alinipa mgongo akaendelea na mchezo. Wakufunzi walimlaumu kwa hilo, wakamwambia refa lazima atazame kila mara. Yeye aliwajibu, "Mwanitaka nimtazame Kahindi nione nini?" Mwenzetu wa tatu, askari jela mmoja kutoka bara, alishika mstari wa upande wa pili, na alikuwa mtu mwema, lakini huyo Twalib alimtazama kila mara.

Sasa niwaeleze jambo la Ramadhani, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Mwaka wetu wa kwanza pamoja tulipangiwa mechi ya mchana ndani ya mwezi mtukufu. Twalib alifunga kama kawaida yake, akachezesha dakika tisini za jua kali bila tone la maji. Wakati wa mapumziko tuliletewa soda na machungwa. Yeye akaniambia, "Kula, bwana, mimi sikukatazi. Wewe huna deni na mtu." Sikuweza. Mama yangu alikuwa akiuza mchicha na mihogo sokoni Malindi, na nilipokuwa mtoto nikimsindikiza alinifunza kwamba mwezi huo hutafuni mbele ya mtu aliyefunga. Nikamwambia Twalib nitakula naye jua likizama. Jioni hiyo mama yake alituletea futari: viazi vya nazi, kaimati, uji wa pilipili manga. Aliniuliza, "Na wewe mwanangu umefunga?" Twalib akamjibu, "Huyu hakufunga, mama. Huyu amekaa na njaa tu kwa ukaidi wake."

Basi likawa desturi yetu. Kila Ramadhani tukisafiri nililala chumba kimoja naye, kwa kuwa siku zile waamuzi walipangwa pamoja, na alipoamka kula daku nami nikaamka nikala. Mchana tulikaa na njaa wote wawili, magharibi tukafuturu wote wawili. Krismasi naye alikuja Kakuyuni, na mama alikwenda kumtafuta jirani Mwislamu amchinjie kuku, ili Twalib ale bila wasiwasi. Hatukuwahi kukaa chini tukayazungumza haya. Laiti tungeyazungumza.

Nitaruka miaka ya kupanda, kwa sababu haina mafunzo, mtu hupanda tu. Beji tuliivaa mwaka mmoja. Nchi za mwanzo tulizokwenda zilikuwa za jirani, na nilichojifunza huko ni kubeba viatu kwenye begi la mkononi, kwa kuwa sanduku likipotea huwezi kuazima miguu ya mtu. Jifunzeni pia kusimama wima wakati wimbo wa taifa la watu unapigwa hata kama unadhani umeisha. Mara nyingi huwa haujaisha.

Kisha ikaja barua ya wito. Twalib, mimi na yule askari jela tulikuwa tumeteuliwa miongoni mwa waamuzi wa mashindano makubwa ya bara zima, yale yanayotazamwa na kila mtu. Kabla ya hapo lilibaki jaribio la mwili, siku tatu katika mji mkuu wa nchi nyingine, na atakayeshindwa nafasi yake inapewa mtu wa nchi nyingine siku hiyo hiyo. Watu watatu kutoka nchi moja kuchezesha pamoja kwenye mashindano yale lilikuwa jambo la nadra. Malindi nzima ilijua. Nilipopita Shella, wazee walioketi kibarazani waliniita "mkono wa Twalib", nami nikakubali jina hilo kwa furaha.

Jaribio liliangukia Ramadhani.

Tulifika usiku, tumechoka, na chakula cha ndegeni kilikuwa kidogo cha kumtosha ndege mwenyewe. Mapokezini tukapewa funguo, kila mtu na chumba chake. Tulicheka kama watoto. Twalib akaninong'oneza, "Leo sitasikia ukikoroma," tukaagana kwenye ujia. Milango yetu ilitazamana. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nililala Ramadhani bila mtu wa kuniamsha daku. Nilizinduka kumekucha, tumbo halina kitu ila kile chakula kidogo cha ndegeni.

Nilishuka chini kwenye ukumbi wa chakula. Kulikuwa na mayai, mikate, matunda ya kila rangi, na mvuke wa chai. Nilisimama mlangoni. Mlango wa Twalib nilikuwa nimeuona umefungwa, na nilijua yumo ndani anaswali, kinywa kikavu, anajiandaa kukimbia na njaa kama alivyokimbia siku zote. Ningekula vipi, halafu nikae naye basini nikinuka mayai? Nilijiambia nimeshachezesha mechi nyingi na njaa. Nilikuwa kijana na nilikuwa mpumbavu kidogo, na nilimpenda. Nikageuka nikapanda ngazi.

Tulikutana kwenye ujia, mabegi mkononi.

"Umeshuka chini?" akaniuliza.

"Nimeshuka," nikasema, na haikuwa uongo.

"Vyema," akasema. Nilimwona usoni kama mtu aliyetua mzigo.

Jaribio la mshika kibendera wengi wenu mnalijua. Mbio fupi kwanza, halafu vile vipande: unakimbia, unatembea, unakimbia, na filimbi ndiyo inayokupimia. Ikilia hujafika kwenye koni, unaonywa. Ikilia tena hujafika, unaitwa pembeni, na huko hakuna majadiliano. Jua la mji ule lilikuwa kali, na hewa yake nyembamba, mbali na bahari. Mbio fupi nilizipita vizuri. Vipande vya mwanzo pia. Kisha miguu ikaanza kuwa mizito, na koni ikawa inasogea mbali kila nikiikaribia. Niliposikia filimbi ya kwanza nilikuwa nyuma hatua moja tu. Ya pili niliisikia nikiwa nimepiga magoti.

Twalib alikuwa amemaliza zamu yake na amefaulu. Aliruka kamba akaja mbio, akanikuta nimeinama kwenye nyasi natapika, akanishika kipaji cha uso kwa mkono wake kama mama anavyomshika mtoto. Alinishika hivyo mpaka nikamaliza.

"Nini, Kahindi? Nini?"

"Mguu," nikasema. "Umekaza mguu. Huu wa kushoto."

Sikutaka ajue nimekimbia na njaa kwa ajili yake. Nilidhani namsitiri. Akautazama ule mguu, akasema, "Pole, ndugu yangu. Mguu huo." Daktari akaja akaubonyeza, nami nikapiga kelele panapostahili.

Niliporudishwa hotelini nilikuwa peke yangu, wengine wamebaki kwa mafunzo. Nilipokaribia chumba changu niliona sinia nje ya mlango wa Twalib, ile wanayoiweka chini mtu akimaliza, ikisubiri mhudumu aiondoe. Palikuwa na maganda ya mayai mawili, ganda la ndizi, na kikombe chenye masalio ya chai ya maziwa. Kitambaa cha mezani kilikuwa kimetupwa kando. Nilisimama nikaitazama kwa muda mrefu. Msafiri ana ruhusa ya kula, hilo hata mimi wa kanisani nalijua, na safari yetu ilikuwa ya siku tatu. Hakufanya kosa lolote. Lakini huyu ni mtoto wa mwadhini ambaye hakuwahi kula mchana wa Ramadhani mbele ya mtu, na kwenye ujia ule ule walilala waamuzi wa nchi nyingine waliofunga. Aliona haya. Pengine aliona haya kwangu kuliko kwa wote, kwa jinsi nilivyomfanya awe shujaa wa kufunga. Nilikuwa na hasira, siwezi kukataa, hasira ya mtu aliyejinyima bure. Hata hivyo niliinama, nikaokota kile kitambaa, nikaifunika sinia vizuri ili mpita njia asione. Kisha nikaingia ndani nikalia.

Nilirudi nyumbani, na nafasi yangu akapewa mtu wa nchi nyingine.

Mechi moja ya mashindano yale niliitazama Malindi mjini, kwenye hoteli moja iliyojaa watu hadi dirishani, maana Twalib ndiye aliyekuwa refa. Siku zile hakukuwa na video ya kumwokoa mwamuzi. Ilikuwa sare na muda unayoyoma. Pasi ndefu ikapigwa upande ambao ningekuwa mimi, mshambuliaji akatoroka, na aliotea kwa mwili mzima. Mshika kibendera aliyepewa nafasi yangu hakuinua. Twalib hakugeuka kumtazama. Alimpa mgongo akaendelea, kama alivyonipa mimi miaka yote. Bao likaingia, akaelekeza katikati.

Jirani yangu wa meza akanigusa. "We Kahindi, wataka nini? Waita mhudumu?"

Nilijitazama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu, umenyooka. Uliinuka wenyewe kabla ya bao. Watu walicheka kidogo, kisha wakaona marudio kwenye runinga wakaacha kucheka.

Mengine mnayajua, au wazazi wenu wanayajua. Timu iliyofungwa ilirudi kwao, magazeti ya bara zima yakachapisha picha ya Twalib amenyoosha mkono katikati, na hakuna aliyechapisha picha ya mshika kibendera. Walimrudisha nyumbani kabla ya mashindano kuisha. Mwaka uliofuata jina lake halikuwemo katika orodha ya waamuzi wa beji. Kuna watu hapa hapa mjini waliosema amekula hongo, wakiwemo wengine waliokula futari kwao. Alifungua duka la vitambaa karibu na kwake, akaacha kupita barabara ya uwanjani hata kama ndiyo fupi.

Mimi nilirudia jaribio baadaye, nikiwa nimeshiba, nikalipita bila shida. Niliendelea miaka mingi. Nilishika mstari kwa marefa wazuri, na kila mmoja alinitazama kila mara kama kitabu kinavyosema, na kila aliponitazama nilimkumbuka aliyekuwa hanitazami. Kazi hii huwezi kuifanya kwa ukamilifu ila ukiwa umeaminiwa, na mimi niliaminiwa mara moja tu.

Tulipokutana sokoni au kwenye mazishi, Twalib aliniuliza, "Mguu waendeleaje?" Nami nikajibu, "Waendelea vyema." Aliuliza hivyo kila mwaka. Niliacha kwenda kwake Ramadhani, nikijisingizia shughuli, na Krismasi yeye akatuma salamu badala ya kuja. Mama yangu alifariki akiuliza kwa nini yule kijana wa Shella haji tena, na jirani wa kuchinja kuku alikuwa bado yupo. Najuta kwa hilo kuliko kwa mashindano yale. Mashindano huja mengine. Kama kuna asubuhi moja ningepewa niirudie, nisingeomba kukimbia upya. Ningeomba kugonga ule mlango ulionitazama, nimwambie, "Twalib, tunakula au hatuli?"

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nimekusudia kuwaandikia, na ningeishia hapo, lakini wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe. Ulitoka kwa Zuhra, mkewe Twalib. Alisema mumewe amesikia nimestaafu, na ananiita nyumbani kesho yake baada ya adhuhuri. Nilidhani Zuhra amekosea saa. Ilikuwa Ramadhani, na mgeni wa Ramadhani huitwa magharibi.

Nilifika nikakuta mlango wa mbele umeachwa wazi kabisa, pazia limefungwa kando. Twalib alikuwa ameketi sebuleni, ndevu zimekuwa nyeupe, kofia kichwani. Mbele yake palikuwa na meza ndogo tupu na kiti kimoja. Tukaamkiana, tukaulizana za nyumbani, akanionyesha kile kiti. Kisha Zuhra akatoka jikoni na sinia. Mahamri, mbaazi za nazi, mayai mawili ya kuchemsha, ndizi, na chai ya maziwa inayotoa mvuke. Akaiweka mbele yangu.

"Chumvi sikuonja, shemeji," akasema. "Utaniwia radhi."

Nilimtazama Twalib. "Umefunga?"

"Nimefunga."

"Basi nitasubiri magharibi. Tutakula pamoja."

"Ulisubiri siku ile ya jaribio," akasema, "na ikatosha."

Nilibaki na mikono mapajani. Watu walikuwa wanapita nje, wanatoka msikitini, na mmoja alipunguza mwendo akachungulia. Zuhra akasema polepole kwamba huenda ni bora mlango ufungwe kidogo, watu watasema.

"Waseme," akajibu Twalib. "Wamenisema kwa nisiyoyafanya. Leo wapate la kweli." Kisha akanigeukia. "Siku ile nilikushika uso ukitapika. Kulitoka maji machungu tu, Kahindi. Hakukutoka hata tonge. Nami nilikuwa na mayai mawili tumboni. N'lijua pale pale."

"Nami niliiona sinia mlangoni kwako."

"Najua. Mimi n'likitupa kile kitambaa ovyo kwa haraka. N'liporudi n'kakuta sinia imefunikwa, pembe zote nne zimenyooshwa. Ni nani mwengine mle hotelini angalinifunika?" Akafuta jicho kwa kiganja bila kujificha. "N'likuwa nikitaka kukwambia tangu jioni ile ile. Nikikuona nauliza mguu. Miaka yote hii nauliza mguu, kama mwendawazimu."

"Na mimi najibu," nikasema.

"Na wewe wajibu. Kula, ndugu yangu. Kula mbele yangu nikuone."

Nikachukua yai, nikalimenya. Nikaacha vipande vya ganda kwenye kanzu niliyovaa kwa heshima ya nyumba ile. Sikuwahi kuona tendo gumu kama kutafuna mbele ya mtu yule, mchana ule, mlango ukiwa wazi. Mbaazi zilikuwa zimezidi chumvi na nilizimaliza zote. Twalib hakuondoa macho. Alinitazama kila tonge, yeye ambaye uwanjani hakuwahi kugeuka kunitazama, mpaka sinia ikabaki maganda na kikombe.

"Na mguu?" akauliza.

"Haujapata kuniuma hata siku moja."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua kitambaa begani mwake, akainama kwa taabu ya magoti ya uzee, akaifunika ile sinia, akanyoosha pembe moja moja mpaka zote nne zikakaa sawa.